Tunachojifunza katika Magofu ya Ngome ya Aizu



Somo letu la safari hii linatupeleka mbali, mpaka Japani, kuitembelea ngome ya zamani ya samurai, yaani watu wa upanga waliotumikia watawala wa majimbo. Pengine utajiuliza: ngome ya Wajapani inanihusu nini mimi niliyeacha shamba na nyumba? Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa ngome hiyo walishindwa vita, wakahamishwa, wakalala njaa katika nchi ya ugenini. Pili, imepita miaka zaidi ya 150 tangu vita vyao viishe. Sisi tungali katikati ya njia, wao wametutangulia. Tunaweza kutazama njia yao yote na kuona ni wapi walijikwaa na ni wapi walisaidiana kuinuka.

Lengo la somo: kuelewa kwa nini kinyongo hubaki baada ya silaha kunyamaza, na ni mambo gani hukipunguza.

Jinsi ya kulitumia: kiongozi wa kikundi asome sehemu moja moja kwa sauti, akiwapa watu nafasi ya kusema. Maswali yako mwishoni.

1. Mahali penyewe

Ngome hiyo iko katika mji wa Aizuwakamatsu, jimbo la Fukushima, kaskazini-mashariki mwa Japani. Wenyeji huiita Tsuruga. Mgeni anayefika leo huvuka kwanza handaki pana la maji, kisha hupita chini ya kuta za mawe makubwa yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kuta hizo ndizo za kale kweli. Mnara mweupe unaoonekana katikati, wenye orofa tano, si ule wa zamani. Mnara wa zamani ulitobolewa na mizinga mwaka 1868, kisha serikali mpya ikaubomoa mwaka 1874 pamoja na majengo mengine ya ngome. Mnara wa sasa ulijengwa kwa zege mwaka 1965, na ndani yake mna makumbusho.

Kwa hiyo kwa karibu miaka 90 watoto wa mji ule walikua wakitazama kuta tupu. Kila aliyepita pale aliuliza, "Nani alifanya hivi?" Na kila mzee alikuwa na jibu.

2. Kila upande ulikuwa na hesabu yake

Jibu la wazee wa Aizu lilikuwa jina moja: Choshu, pamoja na mwenzake Satsuma. Hayo yalikuwa majimbo mawili ya kusini-magharibi, mbali na Aizu. Makao makuu ya Choshu kwa muda mrefu yalikuwa mji wa Hagi.

Tuwasikilize watu wa Choshu pia. Mwaka 1862 mtawala wa Aizu, Matsudaira Katamori, alipewa kazi ya kulinda usalama wa Kyoto, mji alimokaa Mfalme. Katika kazi hiyo watu wake waliwaandama wapinzani, na wengi wa hao walikuwa wa Choshu. Mwaka 1864 askari wa Choshu walijaribu kuingia Kyoto kwa nguvu. Walipigwa kwenye milango ya jumba la Mfalme na askari wa Aizu wakisaidiwa na Satsuma. Choshu wakaitwa adui wa Mfalme. Walizika ndugu zao, na hawakusahau.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1866 Satsuma, rafiki wa Aizu wa jana, ilifanya mapatano ya siri na Choshu. Mwaka 1868 vita vikazuka, na safari hii ni Aizu walioitwa adui wa Mfalme. Waliomba kusamehewa, majimbo jirani ya kaskazini yakawaombea, lakini ombi lilikataliwa. Jeshi likapanda kaskazini kuwafuata.

Tuangalie hapo. Ukianza kuhesabu mwaka 1868, Aizu ndiye aliyeonewa. Ukianza mwaka 1864, Choshu ana lake la kusema. Ugomvi mwingi wa jamii zetu uko hivyo: kila upande huanza kuhesabu siku ile ulipoumizwa wenyewe, na siku ulipomuumiza mwenzake hauihesabu.

3. Mwezi mmoja chini ya mizinga

Mwanzoni mwa Oktoba 1868 jeshi la serikali mpya liliingia mjini. Watu kama 5,000 walijifungia ndani ya ngome: askari, wazee, wanawake na watoto. Wengine hawakuwahi kuingia. Katika nyumba ya mshauri mmoja mkuu wa jimbo, Saigo Tanomo, watu 21 wa ukoo wake walijitoa uhai siku ile ile, wakiwemo watoto wadogo.

Ndani ya ngome wanawake walipika wali, wakafunga vidonda, wakakimbilia makombora yaliyoanguka na kuyafunika kwa nguo zilizoloweshwa maji kabla hayajapasuka. Mwanamke mmoja, Yamamoto Yae, alikata nywele, akavaa nguo za ndugu yake na kupigana kwa bunduki. Msichana wa miaka minane, Yamakawa Sutematsu, alikuwa miongoni mwa watoto waliobeba risasi. Mke wa kaka yake alipigwa na kombora, akafa.

Mapema Novemba walisalimu amri. Inasimuliwa kwamba kitambaa cheupe cha bendera hakikupatikana, kwa kuwa kilichokuwapo chote kilikwisha kufunga majeruhi. Wanawake wakashona vipande vidogo vidogo mpaka bendera ikatimia.

4. Moshi wa mlima Iimori

Karibu na mji kuna kilima kiitwacho Iimori. Hapo wageni huonyeshwa makaburi ya vijana wa kikosi cha Byakkotai, maana yake Chui Milia Mweupe. Walikuwa na miaka 16 na 17. Walitawanywa vitani, na kundi moja likapanda kilimani likiwa limechoka na lina njaa. Kama inavyosimuliwa mara nyingi, walitazama chini wakaona moshi mzito upande wa ngome, wakasema, "Ngome imeanguka, mtawala wetu amekufa." Vijana 20 wakaamua kufa kwa mikono yao. Kumi na tisa walikufa.

Lakini ngome ilikuwa haijaanguka. Ilisimama mwezi mzima baada ya siku ile. Mji ndio uliokuwa ukiungua.

Kijana mmoja, Iinuma Sadakichi, aliokotwa akiwa hai. Alipokua alifanya kazi ya simu ya maandishi, ile ya kupeleka habari kwa waya kutoka mji hadi mji, akaishi mpaka mwaka 1931.

Wahenga husema lisemwalo lipo. Wakati wa vita msemo huo ni hatari, kwa maana lisemwalo mara nyingi halipo, au lipo kwa namna nyingine. Vijana wetu wangapi wamechukua panga kwa sababu ya habari ya njiani: "Kijiji chenu kimechomwa," "Wale wanakuja usiku"? Moshi unaonyesha kwamba kuna kitu kinaungua. Hauonyeshi ni kitu gani, wala ni nani aliyekiwasha.

5. Kipande cha zulia

Siku ya kusalimu amri, zulia jekundu lilitandikwa chini, na mtawala wa Aizu akapita juu yake kukabidhi ngome mbele ya washindi. Sherehe ilipokwisha, watu wake walilikata zulia hilo vipande vipande, kila mmoja akachukua chake, ili asiisahau aibu ya siku ile.

Hatuwezi kuwacheka. Sisi nasi tumebeba vitu: ufunguo wa nyumba isiyokuwapo tena, picha ya ndugu, hati ya shamba. Kumbukumbu si dhambi. Aliyepoteza watu hawezi kuamriwa asahau. Swali ni moja: kitu hiki nikimpa mtoto wangu, nampa pamoja na maneno gani? Je, namwambia "Hapa ndipo tulipotoka," au namwambia "Hawa ndio utakaowalipiza"?

6. Nchi ya baridi

Baada ya vita Aizu ilinyang'anywa ardhi yake. Utajiri wa jimbo ulihesabiwa kwa mchele, na kipimo kimoja kiliitwa koku, chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Aizu ilikuwa jimbo la koku 230,000. Badala yake ilipewa Tonami, sehemu ya kaskazini kabisa ya kisiwa kikuu, iliyoandikwa kuwa ya koku 30,000 tu, na mavuno ya kweli yalikuwa pungufu ya hapo. Mwaka 1870 watu kama 17,000 walihamia huko, wengine kwa meli, wengine kwa miguu.

Walikuta udongo mbaya na baridi kali. Mtoto mmoja aliyekuwa kati yao, Shiba Goro, alisimulia uzeeni jinsi walivyokula mizizi na hata nyama ya mbwa. Bibi yake, mama yake na dada zake walikuwa wamekufa siku jeshi lilipoingia mjini. Mwaka 1871 serikali ilifuta majimbo yote ya zamani, na Tonami nayo ikafutwa. Watu wakatawanyika, kila mmoja akitafuta riziki yake.

Msomaji aliyelala chini ya hema la plastiki anaelewa bila kuelezwa kwa nini kinyongo cha Aizu kiliota mizizi Tonami. Mapigano yenyewe yalichukua mwezi mmoja. Njaa ilichukua miaka. Viongozi wanaopanga amani wakumbuke hilo: namna walioshindwa wanavyotunzwa baada ya vita huamua urefu wa chuki kuliko vita vyenyewe.

7. Waliovuka mstari

Hata hivyo, mapema kabisa kulikuwa na watu waliovuka mstari.

Kaka yake yule msichana Sutematsu, Yamakawa Kenjiro, alikuwa kijana wa miaka 14 vita vilipoisha. Mzee mmoja wa Aizu alimwomba mtu wa Choshu aliyemfahamu, Okudaira Kensuke, amchukue kijana huyo asome. Okudaira alikuwa upande wa washindi, akakubali. Baadaye Kenjiro alipelekwa Marekani kusoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1901 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Mtoto wa adui alisomeshwa, naye akaja kuwasomesha watoto wa nchi nzima.

Sutematsu mwenyewe alipelekwa Marekani mwaka 1871 akiwa na miaka 11. Alirudi mwaka 1882 na shahada ya chuo. Mwaka uliofuata aliposwa na Oyama Iwao, jenerali wa Satsuma. Huyu Oyama alikuwa ofisa wa mizinga katika vita vile, na alipigwa risasi ya paja mbele ya ngome ambamo Sutematsu alikuwa mtoto. Ndugu zake walikataa mwanzoni, na ni nani angewalaumu? Lakini Sutematsu alitaka kwanza kumjua mtu mwenyewe, akaonana naye, akaamua. Walioana mwaka 1883. Mwaka 1884 aliongoza wanawake wenzake katika soko la hisani, na fedha zilizopatikana zilisaidia kuanzisha shule ya wauguzi.

Yamamoto Yae naye, yule wa bunduki, aliishia kuwa muuguzi wa Msalaba Mwekundu na kuwatunza majeruhi katika vita viwili vya baadaye.

Hakuna aliyewalazimisha watu hawa. Kila mmoja alifungua mlango mdogo uliokuwa mbele yake: kitanda cha mwanafunzi, maongezi na mchumba, bendeji.

8. "Bado ni mapema"

Mwaka 1986, miaka 118 baada ya vita, mji wa Hagi uliuandikia mji wa Aizuwakamatsu ukiomba iwe miji ya kirafiki. Hagi nayo ina ngome iliyobomolewa mwaka ule ule wa 1874. Handaki na kuta za mawe zimebaki chini ya mlima, kando ya bahari. Magofu mawili yalikuwa yakitazamana toka pande mbili za nchi.

Aizuwakamatsu ilikataa. Jibu lilikuwa: bado ni mapema.

Wengine hucheka wakisikia hivyo. Miaka 118! Lakini sisi tunaofanya kazi ya upatanishi tusicheke. Mara ngapi tumeona karamu ya amani, ng'ombe akachinjwa, karatasi ikatiwa sahihi, wakubwa wakapigwa picha, na kesho yake watu hawasalimiani sokoni? Aizu walisema ukweli wa mioyo yao. "Bado" iliyosemwa wazi ni afadhali kuliko "ndiyo" ya mdomoni. Na anayeambiwa "bado" ana kazi ya kufanya: aendelee kuwa jirani mwema bila kuchoka.

Mwaka 2007 Waziri Mkuu Abe Shinzo, ambaye kwao kisiasa kulikuwa Yamaguchi, nchi ile ya zamani ya Choshu, alifika Aizuwakamatsu na kuomba radhi kwa yale watangulizi wa kwao waliyoyafanya. Mwaka 2011 tetemeko kubwa la ardhi na tsunami viliipiga Fukushima. Hagi ilipeleka msaada Aizuwakamatsu, na haikuweka sharti la urafiki.

9. Hesabu ya makaburi

Kati ya madai yote, moja lilikuwa zito zaidi. Watu wa Aizu walisimuliana kwamba washindi walikataza wafu wao wasizikwe, na miili ikaachwa kwa wanyama na ndege mpaka majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata. Kwa Wajapani kama kwetu, kumnyima mtu kaburi ni kumuua mara ya pili. Wengi walisema ndiyo sababu hawawezi kupatana.

Mwaka 2017 kulitangazwa hati ya zamani iliyopatikana katika mji ule ule wa Aizuwakamatsu. Ni daftari la gharama za mazishi. Inaonyesha kwamba siku chache baada ya ngome kukabidhiwa, kazi ya kuzika ilianza kwa amri ya wale wale washindi, na miili 567 ilizikwa katika sehemu 64.

Hati hiyo haifuti mizinga, wala njaa ya Tonami, wala watoto waliokufa. Wafu walikuwa wengi zaidi ya hao, na katika hekalu moja tu, Amidaji, wamelala karibu 1,300. Lakini hati inaonyesha kwamba maumivu ya kweli yanaweza kubeba ndani yake habari isiyo ya kweli, vizazi kwa vizazi, na hiyo ndiyo ikawa kufuli ya mlango. Na tuone jambo jingine: ukweli huu haukuletwa na Choshu kuja kujitetea. Ulitolewa na mtafiti wa historia wa Aizu yenyewe. Ukweli unaopunguza lawama za adui hupokelewa vizuri zaidi ukitoka kinywani mwa mtu wa kwetu.

10. Waliohamishwa wanapokea waliohamishwa

Mwaka 2011 mitambo ya nyuklia ya Fukushima iliharibika, na watu wa mji wa Okuma walilazimika kuondoka wote. Ofisi ya mji wao na shule za watoto wao zilihamia Aizuwakamatsu. Okuma ilipata ofisi mpya katika ardhi yake mwaka 2019. Kwa miaka minane mji ambao watu wake wa zamani walifukuzwa kwenda Tonami ndio uliokuwa makao ya wakimbizi wa Okuma.

Ninyi familia mnaowapokea wageni, mkigawana nao mihogo isiyotosha, mnajua thamani ya jambo hilo. Nanyi mliopokewa, siku yenu ya kupokea wengine itakuja.

Mambo manne ya kushika

Kwanza, sikiliza hesabu ya upande wa pili, hata kama bado unaikataa. Pili, chunguza habari kabla ya kuitendea kazi, hasa ile inayothibitisha chuki uliyokuwa nayo. Tatu, usiharakishe mapatano ya karatasi, lakini usingoje mapatano hayo ndipo umtendee mwenzako wema. Nne, walioshindwa wapewe nafasi ya kulima, kusoma na kuzika wafu wao. Ukiwanyima leo, wajukuu wako watalipa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika ugomvi wa jamii yetu, sisi tunaanza kuhesabu mwaka gani? Wenzetu wanaanza mwaka gani?
2. Ni habari gani tumeiamini miaka mingi bila kumuuliza aliyeiona kwa macho? Nani kati yetu anaweza kuichunguza kwa usalama?
3. Tunawasimulia watoto nini juu ya mahali tulipotoka? Wakisikia, wanabaki na nini mioyoni?
4. Kuna mtu wa upande ule aliyewahi kututendea wema? Tumewahi kumtaja hadharani?
5. Kama bado hatuko tayari kupatana, tunahitaji kuona nini kwanza? Tukiseme wazi, bila matusi.

Viongozi, msifunge kikao kwa kutafuta jibu moja. Andikeni yaliyosemwa, hasa majibu ya swali la tano, myahifadhi mpaka mkutano unaofuata, kisha mpange ni nani atakayeyafikisha kwa wenzetu wa upande wa pili. Amani iwe nanyi.